Vituo Visivyojibu

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: anayesikiliza hasemi. Kipaza sauti kilikuwapo, kimetundikwa ukutani na kufungwa kwa ukanda wa mpira. Siku ya kwanza Théoneste, mkuu wetu, alituambia kwamba atakayekigusa asirudi kesho yake.

Nyumba ilikuwa Kamembe, ng'ambo ya mto kutoka Bukavu, juu kidogo ya uwanja wa ndege. Ilikuwa nyumba ya kawaida, mlango wa bluu, mihogo mbele. Majirani walijua kwamba ni ofisi ya kupima mvua. Nyuma, kati ya mikaratusi miwili, kulipita waya mrefu. Siku moja maman wa jirani alianika mashuka juu yake, na Valens akatoka kumwomba kwa adabu ayaondoe, kwani waya ule unapima upepo. Ndani mlikuwa na betri za gari, redio, meza na madaftari. Wasikilizaji tulikuwa wawili, Valens na mimi, tukipokezana.

Ulikuwa mwaka wa 2001. Bukavu palifikika. Wauzaji walipita daraja la Rusizi asubuhi na kurudi jioni. Lakini nyuma ya Bukavu, kwenye milima na msitu wa upande wa Bunyakiri, kulikuwa vita, na huko hakukutoka barua wala mgeni. Zilitoka sauti tu. Watu wa msituni waliongea kwa phonie, zile redio za zamani ambazo parokia na wafanyabiashara walizitumia kabla ya vita, na sisi tuliandika walichosema.

Théoneste alinipata sokoni nikiuza nyanya. Alinisikia nikiongea Mashi na mteja, akaniuliza nina lugha ngapi. Nilitazama chini nikahesabu kwa vidole: Mashi, Kitembo, Kiswahili, Kinyarwanda, na Lingala ya nyimbo. Akauliza shule. Nikasema niliachia mwaka wa tano. Alisema mwaka wa tano unatosha kuandika, na kwamba yeye anapenda muntu asiye na maneno mengi. Aliponiuliza nilikolelewa, nilijibu Bukavu, kama wengi wetu tuliorudi kutoka ng'ambo tunavyojibu. Haukuwa ukweli. Nililelewa kulekule zilikotoka zile sauti.

Valens ndiye aliyenifundisha. Yeye ni mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema maneno ni kitu cha mwisho cha kusikiliza, kwa sababu maneno mtu anayachagua. Sikiliza nyuma yake. Jogoo akiwika, kuna kijiji. Mchi ukipiga kinuni, kuna wanawake, basi hawajahama. Mvua ikianza kugonga bati huko na hapa Kamembe jua linawaka, andika saa, kisha uliza madereva wa upande ule mvua ilinyesha wapi. Baada ya miezi miwili nilimjua kila msemaji kwa pumzi yake. Mmoja alivuta kamasi. Mwingine alimeza mate kabla ya kusema uongo.

Théoneste alipenda kutueleza kwamba kazi yetu ni ya kale kuliko redio. Zamani za wafalme, alisema, watasi, yaani wapelelezi wa mfalme, walivuka ziwa wakiwa na mizigo ya butega, vile vikuku vya nyasi vilivyokuwa pesa ya wakati ule. Walikaa sokoni ng'ambo msimu mzima, wakipunguza bei kidogo ili watu wasimame waongee. Aliyerudi na habari nyingi hakuwa yule aliyeuliza. Alikuwa yule aliyeuza polepole. Nilipenda habari hizo. Nilifikiri labda mtu mwenye haya ana mahali pake duniani.

Ilikuwa Machi, saa moja asubuhi, nilipomsikia Papa Muderhwa.

Niseme alikuwa nani kwangu. Mama yangu alikufa akinizaa, na baba yangu alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu asirudi. Muderhwa alikuwa Mushi, wa kabila la wasemao Mashi, hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa fundi wa phonie ya parokia yetu ndogo, mzee asiye na mtoto. Yeye na mkewe walinichukua nikiwa na kitambaa cha kitovu bado. Nilikuwa mtoto asiyeongea. Wageni wakija nilijificha nyuma ya mlango, na wengine walimwambia Papa kwamba mtoto huyu ni bubu.

Kila asubuhi saa moja Papa aliviita vituo vyote vya parokia kwa majina, kimoja kimoja, na kila kimoja kilijibu hali yake: mgonjwa, dawa, barabara. Alipomaliza, aliachia kitufe cha kipaza sauti ili tusisikike nje, akaita: "Kituo Kidogo, Kituo Kidogo, uko unanisikia? À vous." À vous ni kusema: zamu yako. Kituo Kidogo kilikuwa mimi, nyuma ya mlango, na gunzi la hindi mdomoni. Na kwa gunzi lile niliongea. Nilitoa habari zote: mbuzi amezaa, maharagwe yameungua, Maman amekasirika, à vous. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusema.

Mwaka wa 1996 vita vilipofika, watu wenye sura kama yangu, sura ya wasemao Kinyarwanda, walianza kutafutwa wauawe. Papa alinipakia katika lori la wauza mafuta ya mawese pamoja na shangazi yangu Béata, akanifunika kwa turubai kwa mkono wake. Nililia kwamba sitaki. Aliniambia tu niende, ataniita. Nilikuwa na miaka kumi na nne, nilijua kwamba mtu asiye na redio hawezi kuitwa.

Sasa sauti yake ilikuwa masikioni mwangu, ikikwaruza, na kikohozi ambacho zamani hakikuwapo. Bila shaka watu wa msituni walichukua redio na fundi wake pamoja. Alifanya kama alivyofanya siku zote: aliita vituo kwa majina. Viwili vilijibu. Kisha akaita Cigoma, akangoja kadiri ya jibu moja, akaendelea. Akaita Mulinga, akangoja. Akaita Lwashanga. Nilijua vituo hivyo. Cigoma palichomwa moto tukiwa bado huko. Fundi wa Mulinga tulimzika wenyewe. Papa alikuwa akiita wafu, na kuwaachia nafasi ya kujibu.

Halafu, bila kuachia kitufe, akaita: "Kituo Kidogo, Kituo Kidogo, uko unanisikia? À vous."

Kalamu ilisimama. Alingoja muda mrefu kuliko alivyongojea wengine. Alipobonyeza tena, nyuma yake jogoo aliwika mara mbili. Kisha akafunga.

Niliandika yote, kwa sababu kazi ilikuwa kuandika. Lakini sikuandika nilichojua. Théoneste alichomeka pini katika ramani yake, moja Cigoma, moja Mulinga, moja Lwashanga. Alisema vituo hivi vinajibu kwa masafa mengine tusiyoyajua, maana hakuna muntu mwenye akili anayepoteza betri kuita mahali pasipo na muntu. Baadaye nilisikia kwamba askari walilala siku nne mvuani wakitazama kilima cha Cigoma, wakaona magugu tu na kanisa lisilo na paa. Hata hapo sikusema. Ningesema, ningeulizwa nimejuaje, na ningeondolewa kwenye kiti kile.

Na kiti kile sasa kilikuwa uhai wangu. Niliamka kabla ya Shangazi Béata, nikapanda kutoka nyumbani kwetu karibu nikimbie. Valens alipotaka kupokea zamu ya asubuhi nilimwomba aniachie, nikasema napenda kuanza mapema. Aliniachia, akanitania kwamba nina mchumba katika redio. Nilicheka, na sikio likawaka moto. Kila siku niliitwa. Kila siku alingoja, na mimi nilikaa mbele yake kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta, namsikia akivuta pumzi, namsikia akikohoa, na mkono wangu ulikuwa dhiraa moja tu na kile kipaza sauti. Mara nyingine midomo yangu iliunda jibu bila sauti. Kituo Kidogo inasikia, Papa. Maharagwe hayajaungua.

Mwezi wa tano Théoneste aliacha pini zake akamgeukia Kituo Kidogo. Alitueleza akiwa amesimama, kama mwalimu. Katika vita vya Wazungu, alisema, wapelelezi walikaa katika nchi ya adui wakisikiliza redio kwa saa ileile kila siku, wakisomewa maneno, na hawakujibu kamwe. Mpelelezi wa kweli hajibu. Basi huyu anayeitwa mwisho, anayengojwa kuliko wote na hajibu, yuko upande wetu wa mto, na kila siku saa moja ana redio karibu.

Wiki ile watu wa Théoneste walimkamata Maman Gracia.

Alikuwa mwanamke wa Bukavu, muuza unga wa muhogo, mnene, mcheshi, anayejulikana soko zima. Kosa lake ni kwamba kila siku saa moja alikaa juu ya gunia lake akisikiliza karedio kadogo ka mkononi. Walimleta katika chumba cha nyuma, na mimi niliitwa kutafsiri Mashi ingawa Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Mwanzoni alitania. Alinyoosha mguu akamwonyesha Théoneste kandambili zake za matairi.

"Papa, tazama vizuri. Espion gani, mupelelezi gani, anavaa viatu bile?"

Théoneste hakucheka. Aliuliza tena saa moja anasikiliza nini. Alijibu kwamba anasikiliza matangazo ya vifo, kwa sababu ana kaka wawili kule Shabunda, kwenye vita. Hapo sauti yake ilibadilika, na sikuhitaji kutafsiri. Walimfungia humo. Alikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tatu nilimpelekea uji akaniuliza, kwa Mashi, kama nina mama. Nilisema sina. Akasema basi yeye atakuwa mama yangu kwa leo, nimletee chumvi.

Nilimwacha na bakuli, nikaingia ofisini kwa Théoneste, nikasimama. Nilikuwa sijawahi kuanza maneno mbele yake.

"Kituo Kidogo ni mimi," nilisema.

Ilinichukua muda mrefu kueleza, na nilieleza nikitazama miguu ya meza: gunzi, mlango, lori, wafu wa Cigoma. Nilidhani atapiga kelele. Aliniambia niketi, akaagiza Maman Gracia aachiliwe na arudishiwe redio yake. Halafu aliongea nami kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha.

Alisema tuna vyombo viwili vya kupimia upande sauti inakotoka, kimoja hapa, kimoja mlima mwingine. Vikielekea sauti moja kwa pamoja, mistari yake inakutana juu ya ramani, na pale inapokutana ndipo alipo muntu. Lakini mzee huyu anasema maneno machache, anangoja, anafunga. Vyombo vinahitaji dakika nne mfululizo.

"Wewe tu ndiye anaweza kumpa dakika nne," alisema. "Usimwulize yuko wapi, ataogopa. Muulize Maman. Muulize mbuzi. Muache aongee kama mzee anavyoongea na mutoto wake."

Nikauliza watamfanya nini. Alisema wanawataka wakubwa walio pamoja naye, si fundi wa redio. Mzee watamleta hapa. "Utampikia chai kwa nyumba ya shangazi yako," alisema. "Hutaki?"

Nilitaka. Sitaficha hilo. Kutoka mchana ule mpaka kesho yake sikufanya kitu kingine ila kutaka. Nilimwona ameketi mlangoni kwa Shangazi Béata, na koti lake la kahawia, akilalamika kwamba ugali wa huku ni laini. Nilimwona nikimpeleka hospitali ya Mibirizi kwa kikohozi kile, tukipanda kile kilima polepole, yeye akisimama kila mara na kusingizia anatazama mashamba. Niliwaza namna nitakavyoketi kando yake nisiseme kitu, na asione ubaya. Miaka mitano nilikuwa nimeishi na watu wanaonipenda na wasiojua nilivyo nikiwa nimenyamaza. Théoneste huenda alisema kweli. Hata leo sijui kama alisema uongo.

Lakini nilijua pia jinsi askari wanavyofika mahali. Hawafiki na kiti cha kumbebea mzee. Na nilijua kwamba Papa ataongea. Ningemwambia tu jina langu, angesahau betri, angesahau vita, angenieleza juu ya kila mbuzi. Asingeongea dakika nne. Angeongea saa nzima.

Asubuhi Valens alifungua ule ukanda wa mpira, akaniwekea kipaza sauti mkononi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Théoneste alisimama nyuma yangu na saa yake. Saa moja ilipofika, Papa aliita vile vituo viwili vinavyojibu. Aliita Cigoma, Mulinga, Lwashanga. Kisha akaniita.

Nilibonyeza kitufe. Nilisema kwa Mashi kwamba Kituo Kidogo inasikia, à vous. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya utotoni.

Nilisikia kitufe chake kikibonyezwa, nikasikia pumzi, na nyuma ya pumzi kuku, na bati likilia kwa upepo. Nilimsikia akijaribu kuanza neno. Kando yangu Valens aliinama juu ya chombo chake, na mshale ulikuwa umeanza kugeuka.

"Rudia," alisema Papa. Alisema tena, polepole, "Mutoto wangu, rudia."

Mshale uligeuka kidogo zaidi. Niliangalia mkono wa Valens, na niliona kwamba anaandika namba za mshale. Nilikuwa na maneno mengi, niliyoyapanga usiku kucha kama mtu anayepanga nguo za safari: nimekua, nimeandika, sijaolewa, nakumbuka. Nilibonyeza.

"Papa, nilikusikia kila siku. Usinijibu. Funga."

Mtu wa redio haulizi kwa nini kituo kinasema funga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, nikiwa bado na gunzi. Kitufe chake kililia mara moja, kikakatika. Baada ya hapo palibaki ule mvumo wa kawaida, kama mchele unaopepetwa. Nilikuwa nimengoja miaka mitano anijibu, na nilimnyamazisha kwa maneno sita.

Théoneste aliniuliza nimesema nini. Ningeweza kudanganya, Mashi yake ilikuwa ndogo. Nilimtafsiria yote, neno kwa neno, kama kazi ilivyotaka. Alitazama saa yake. Sekunde arobaini. Alichukua kalamu yangu kutoka mezani, akaitia mfukoni mwake, akasema niende nyumbani, na kwamba nimshukuru Mungu kwa yule mwanamke wa unga, kwa sababu kama nisingesema ukweli ili kumwokoa, angenihesabu mwongo tangu mwanzo. Valens hakuinua kichwa.

Nilirudi kwenye nyanya. Shangazi Béata alinipa nusu ya meza yake tu, na kuniachia upande wenye kivuli. Maman Gracia aliweka magunia yake karibu nami bila kujua chochote, akawa ananitania kwamba kwa haya yangu wateja wanafikiri nyanya si zangu, nimeziiba. Kuuza nilijifunza upya. Lakini saa moja ya asubuhi ilikuwa mbaya. Mwili ulinyanyuka wenyewe. Nilisimama katikati ya soko na ndoo mkononi, nikijua kwamba muda huu, kule nyuma ya milima, ama anaita ama haiti, ama yupo ama hayupo, na kwamba mimi ndiye niliyejifungia mlango wa kujua.

Valens alikuja mwezi wa nane. Alisimama mbele ya meza yetu, akaanza kuchagua nyanya moja moja, akizigeuza kama mtu anayezijua. Hakunitazama. Anayefanya kazi ile hatakiwi kuwasalimu walioondoka, na hatakiwi kabisa kusema alichosikia. Kwa hiyo nami nilipanga nyanya zangu, na nikauliza bila kumtazama.

"Anaita bado?"

Alichagua nyanya mbili zaidi. "Anaita," alisema. "Cigoma. Mulinga. Lwashanga. Halafu anafunga."

"Hangoji?"

"Hangoji tena."

Basi alikuwa hai, na alikuwa amenisikia. Hakuwa na haja tena ya kunihesabu pamoja na wale wa Cigoma. Nilitaka kufurahi na nilifurahi kweli. Na papo hapo nilijua kwamba hakuna tena mahali popote duniani ninapoitwa kwa jina lile.

Valens alitoa mfuko wake. Nilimjazia, nikaongeza nyanya tatu, kisha nikaongeza ya nne ili asiondoke. Nilimuuliza kikohozi kikoje. Alisema kimepungua kidogo. Nikamuuliza nini kinasikika nyuma.

Alivua miwani yake akaifuta kwa shati. Alisema jogoo hayupo, labda wamemla, lakini juzi kulikuwa na mvua kubwa. Nikamwomba anieleze mvua hiyo inavyosikika juu ya bati la huko, kama ilianza taratibu au ilishuka yote mara moja, na kama alisikia ndoo zikitolewa nje. Alijaribu kunieleza. Alisimama pale na mfuko wa nyanya mkononi, akiongea chinichini, mpaka akaja mteja mwingine.